Boti Si Gunia la Mahindi

Wadogo zangu wa kidato cha pili na cha tatu, mlioambiwa na wazazi mtafute kitu cha kufanya likizo hii badala ya kulalia simu: mimi nimestaafu. Nina miaka kumi na tisa. Hakuna aliyenipa saa ya ukutani wala blanketi, na hotuba ya kuniaga ilikuwa hii: "Nafula, acha ovaroli hapo." Likizo zangu zote za sekondari, pamoja na mwaka mzima wa kungoja chuo, nimezimalizia katika karakana ya Mzee Rajabu hapa Kitale, tukiunda trela. Wiki ijayo naenda Chuo Kikuu cha Kibabii kusomea ualimu, kazi ambayo mtu husimama mbele ya watu na kusema. Wanaonijua wameshacheka vya kutosha, kwa hivyo nyinyi msijisumbue.

Haya nayatoa katika madaftari yangu. Karakanani nilikuwa nikitoa maneno machache sana kwa siku, na mengi yake yalikuwa "ndiyo, Mzee." Yaliyobaki niliyaandika usiku kabla ya kulala. Mama anauza chai na maharagwe mkabala na karakana, na ndiye aliyenipeleka. Mzee Rajabu, ambaye ukimwuliza kabila lake atakwambia "mimi ni wa msikitini hapa nyuma," aliniangalia kutoka viatu hadi kichwani.

"Anajua nini?"

"Hajui kitu," Mama akasema, kwa ule upendo wa mama. "Lakini haongei."

"Basi lete. Wanaoongea ninao."

Ndivyo nilivyoajiriwa. Wengine huandika barua za maombi.

Nianze na aibu yangu mwenyewe, msije mkasema nawasema wengine tu. Nikiwa kidato cha pili nilipewa kupaka beringi grisi na kurudisha gurudumu. Grisi niliipaka vizuri, hata nyusi zangu zilipata. Kisha nikaikaza ile nati ya habu, kitovu cha gurudumu, kwa nguvu zangu zote, nikaning'inia kwenye spana kama nguo kwenye kamba, maana nilidhani kitu kikikazwa sana ndicho kimefungwa vizuri. Trela ikaenda Moi's Bridge kuchukua mahindi. Kabla ya saa sita mwenyewe akapiga simu: "Mzee, trela yenu inapika. Niweke sufuria?"

Mzee hakunigombeza. Alinipeleka hadi pale trela ilipokuwa imekwama, akanionyesha rangi ya habu ilivyobambuka, akasema nati hukazwa mpaka gurudumu likatae kuzunguka, halafu unairudisha nyuma kidogo, mpaka lizunguke huru bila kucheza. Na ukishatoka barabarani, simama baada ya kilomita chache uweke mkono kwenye habu. "Mgongo wa mkono, si kiganja," akasema. "Ukiungua mgongo, bado utashika spana." Joto la chai iliyosahauliwa mezani ni sawa. Joto la chai ya mama yangu si sawa. Hilo hamtafundishwa darasani, pengine kwa sababu wanaofundisha wana magari ya kuendeshwa na wengine.

Sasa boti.

Mjue kwanza kwamba Kitale ni mji wa mahindi. Ukimwambia mtu wa Kitale neno "mzigo," kichwani anaona gunia. Trela zetu zote zilikuwa za mahindi, na ile moja ya kubebea tangi la maji ilikuwa trela ya mahindi iliyodanganywa. Dereva wetu, Simiyu, mwenye pikapu, alikuwa bingwa wa kufunga magunia. Anarusha kamba ya katani juu ya mzigo, anaifunga huku na huku, kisha anapachika kijiti katikati na kukisokota mpaka kamba inalia. Gunia linapenda hivyo. Gunia halina mbavu.

Alhamisi moja akaja Mwalimu Wafula, mwalimu mkuu wa shule ndogo iliyo ng'ambo ya mto Nzoia, kusini mwa Bungoma. Mvua ilikuwa imebeba daraja lao la miguu. Kwa wiki kadhaa watoto walivuka kuja sokoni upande huu wakining'inia kwenye tyubu ya trekta iliyovutwa kwa kamba, mpaka siku moja kamba ikateleza na mtoto wa gredi ya nne akaenda na maji. Matete yalimshika kabla mto haujapinda. Alipona, lakini wazazi walikaa kikao na kusema hakuna mtoto atakayevuka tena bila boti, hata kama ni Rais anayeita. Tatizo ni kwamba wale wa gredi ya sita, watoto kumi na saba, walipaswa kufanyia mtihani wa kitaifa katika shule kubwa ya upande huu. Mtihani ulikuwa Jumatatu.

Boti ilishapatikana. Ilikuwa ya faiba, kuukuu, urefu wa hatua tano, ya bwana mmoja wa karibu na Moi's Bridge aliyekuwa na bwawa la samaki. Samaki waliisha, boti ikabaki. Ilifika karakanani juu ya lori la mahindi, imelala kwenye magunia kama mgonjwa wa wodi ya kulipia, na haikuwa na mkwaruzo hata mmoja. Tungelizingatia hilo tungejifunza kitu. Hatukulizingatia.

"Nataka trela itakayokaa pale mtoni," Mwalimu akasema. "Asubuhi tunaiingiza majini, jioni ng'ombe wanaivuta nje. Tukiiacha majini, mto ukifura utaibeba kama daraja."

"Mzigo ni mzigo, Mwalimu," Mzee Rajabu akajibu. "Kesho iko tayari."

Mimi jioni ile nilitazama video kwenye simu ya Mama. Kulikuwa na mzungu kando ya ziwa, na trela inayong'aa kuliko madhabahu ya kanisa letu. Alikuwa na kila kitu isipokuwa matope. Lakini niliona mambo ambayo sisi hatukuwa nayo, nikayachora daftarini: mbao mbili ndefu chini ya boti, winchi ya kukunjia kamba mbele, mikanda nyuma. Siku ya pili nikaenda nalo kazini nimelibana kwapani. Nililibana hapo siku nzima. Kwapa langu lilielimika sana.

Ijumaa mchana boti ikapandishwa. Kwa Kiswahili cha shuleni mbele ya chombo ni omo na nyuma ni tezi, na nilipata alama zote kwa kujua hivyo. Karakanani tulisema pua na makalio, na tukaelewana vizuri zaidi. Makalio ya boti hii yalining'inia nje ya trela hatua nzima, na tumbo lake lilikalia vyuma viwili vilivyokatiza, vile vya kuzuia magunia yasiteleze. Simiyu akarusha kamba katikati, akapachika kijiti, akaanza kusokota.

Nilikuwa nimesimama karibu kuliko wote. Niliona mbavu za boti zikiingia ndani, kidogo kidogo, kama mtu anayevuta pumzi ili suruali ifunge. Nilijua si sawa. Nikafungua mdomo. Nikaufunga.

"Hii haitoki!" Simiyu akasema, akiipiga kofi. "Hata mpaka Suam kule mpakani, na barabara ile ya zamani, haitoki, bana!"

Akatoka nayo kuijaribu mjini. Pua ya trela, pale inaposhikana na pikapu, ilikuwa nyepesi mno, kwa hivyo makalio yalikuwa yakiinua pikapu kwa nyuma, na ile trela ilikwenda ikiyumba huku na huku kama shangazi aliyefika harusini akiwa ameshakunywa. Kwenye tuta la kwanza karibu na soko tulisikia sauti moja tu, kavu, kama ganda la njugu. Iliporudi, tumbo la boti lilikuwa na ufa wenye urefu wa mkono wangu, pale pale lilipokalia chuma.

Watu wazima wakaanza kazi yao.

"Boti yenyewe ni mzee," Simiyu akasema. "Mimi nimefunga mahindi miaka kumi. Ushaskia gunia imepasuka?"

"Ni tuta," Mzee Rajabu akasema. "Tuta lile halikupimwa."

"Tuta liko hapo tangu nizaliwe, Mzee!"

"Ndiyo maana nasema halikupimwa!"

Mwalimu Wafula hakulaumu mtu. Alikaa juu ya tairi kuukuu, akautazama ufa, kisha akasema, "Mzee, ni Jumatatu." Basi.

Hapo sikuweza tena. Kusema pia sikuweza. Nikachukua ile chaki tunayowekea alama kwenye chuma, nikapiga magoti kando ya trela, nikaandika kwenye ubavu wake kwa herufi kubwa: BOTI IKALIE MBAO NDEFU MBILI, SI CHUMA. Chini yake: ISOGEZWE MBELE, PUA YA TRELA IWE NZITO. Chini yake: ISIFUNGWE KATIKATI.

Simiyu akasoma kwa sauti, akacheka. "Ati pua! Huyu ameanza kuandikia trela barua? Si uongee tu, msichana?"

Mzee Rajabu hakucheka. Alisoma mara mbili. "Umetoa wapi?"

Nikampa daftari. Akalifungua, akatazama mchoro, akatazama boti.

"Ulichora lini?"

"Jana."

"Jana." Akalifunga polepole, akanirudishia. "Waliosema wamevunja boti. Na wewe uliyenyamaza pia umeivunja. Hesabu ni hiyo hiyo."

Nimewahi kuchapwa shuleni mara mbili. Hiyo iliuma zaidi, na hakunigusa.

Sasa sikieni, maana hapa ndipo mtapata faida, kama mtawahi kupewa boti huku kwetu ambako maji mengi tunayoyajua yako ndani ya mitungi. Jumamosi tulianza na ufa. Mzee alipiga msasa kuuzunguka mpaka faiba ikawa nyeupe, akabandika matabaka ya kitambaa cha faiba na gundi yake, na akakataza mtu kuigusa mpaka jua lipite. Simiyu aliigusa. Alama ya kidole chake iko pale hadi leo, na naamini ndiyo sehemu imara kuliko zote, maana ilibidi irudiwe.

Wakati huo tukavikata vile vyuma vya kukatiza, tukavishusha, tukalaza mbao mbili ndefu za mvinje kutoka mbele hadi nyuma. Kila ubao ulilazwa kwa mshazari uufuate mteremko wa tumbo la boti, halafu tukaufunika kwa kapeti ya zamani ya msikiti, iliyokuwa imetolewa kupisha mpya. Mzee aliomba ruhusa kwanza. Mbao zifike mpaka chini ya makalio kabisa, kwa sababu huko ndiko boti inakobeba uzito wake. Uti wa mgongo wa boti, ule mstari wa katikati, nao tukauwekea mpira wa kuukalia mbele na nyuma, usiachwe ukielea.

Mbele tukachomelea mlingoti mfupi wenye kipande cha tairi, ili pua ya boti iegemee hapo isiende mbele zaidi hata dereva akikanyaga breki kama Simiyu. Kwenye mlingoti huo ikakaa winchi ndogo ya mkono. Kamba ya winchi inavuta pua mbele na chini. Msiiamini winchi peke yake, kwa hivyo tuliongeza mnyororo mfupi kutoka pua hadi kwenye trela. Nyuma tukafunga mikanda miwili ya racheti, ile inayokazwa kwa mpini wenye meno, kila mmoja kutoka pembe ya boti hadi kwenye trela iliyo chini yake, ikivuta chini na nyuma kidogo. Kaza mpaka boti na trela vitikisike pamoja ukivisukuma. Hapo acha. Racheti itakushawishi uongeze mlio mmoja zaidi. Ikatae.

Uzito wa pua ya trela mzungu aliupima kwa mizani. Mzee Rajabu aliniamuru niinue kwanza mitungi miwili ya maji, ile ya lita ishirini, halafu niinue pua ya trela. "Ni sawa?" Ilikuwa nyepesi zaidi. Tukasogeza mlingoti nyuma ya boti... nasema uongo, tuliusogeza mbele, na boti ikaufuata. Nikainua tena. Ilikuwa mitungi miwili. Nikatikisa kichwa kukubali.

"Sema," Mzee akasema.

"Ni sawa, Mzee."

"Mwambie Simiyu. Mimi najua."

Nikamwambia Simiyu. Aliinama na kuweka mkono kwenye sikio kana kwamba naongea kutoka Eldoret, lakini alisikia.

Jumapili tukaondoka baada ya ibada, Mzee na Simiyu mbele, mimi na Mwalimu kiti cha nyuma. Tulisimama Kiminini, nikaweka mgongo wa mkono kwenye habu: chai iliyosahauliwa. Mkanda mmoja ulikuwa umelegea, tukaukaza. Kamukuywa tukasimama tena, kisha Webuye. Msione aibu kusimama. Kamba zote hulegea mwanzo wa safari, zikishajua mzigo zinatulia. Trela ilikwenda nyuma yetu kimya kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini. Simiyu alikuwa akiitazama kwenye kioo, na baada ya Bungoma nikamsikia akijisemea, "Aisee. Haitingishiki."

Mtoni kulikuwa na kijiji kizima. Kulikuwa na kwaya, viti vya plastiki, na chifu. Gari likasimama juu ya mteremko, mita kama ishirini kutoka majini. Habu zikiwa na joto hazifai kuingizwa kwenye maji baridi, kwa sababu huvuta maji ndani na beringi zinakufa, kwa hivyo tulihitaji kungoja. Chifu alilishughulikia jambo hilo bila kuombwa. Alitoa hotuba ndefu kiasi kwamba habu zilipoa, mikanda ikapoa, na nadhani hata injini ilisahau ilikotoka.

Chifu alipomaliza, wanawake wakapiga vigelegele, na kila mtu akataka kushika boti. Vijana kumi wakaizunguka. "Tubebe kwa mikono!" wakasema. Simiyu akaona hapa ndipo pa kung'ara. Akaruka juu, akafungua mkanda wa kushoto, akafungua wa kulia, akatoa mnyororo, na watu wakampigia makofi. Akashika mpini wa winchi. Boti yote ilikuwa sasa imeshikiliwa na kamba moja, juu ya mteremko, makalio yakiwa yameelekea chini, na mbao zimevikwa kapeti laini. Nyuma yake, kati ya trela na mto, walikuwa wamejipanga watoto wa upande huu. Kwaya ilikuwa imewapanga hapo ili wale kumi na saba wa ng'ambo wawaone vizuri.

Mzee Rajabu alikuwa upande wa pili akisalimiana na wazee. Mwalimu alikuwa akitafuta mtu wa kuiombea boti.

Chaki ilikuwa mfukoni. Mkono wangu uliifuata kabisa, nakiri.

"SIMIYU! USIFUNGUE!"

Sauti yenyewe haikuwa nzuri. Ilitoka nyembamba na mbaya, kama ya mbuzi aliyekanyagwa, na kwaya ikanyamaza katikati ya neno. Watu wote wakageuka. Chifu akageuka. Simiyu akaganda, mkono juu ya mpini.

"Unanipigia kelele mbele ya watu?"

"Ndiyo! Toa mkono! Na watoto watoke hapo nyuma! Wote! Sasa hivi!"

Walitoka. Hata wale wasio watoto walitoka. Chifu alisogeza kiti chake. Simiyu akatazama boti, akatazama mteremko, akatazama nyasi zilizokanyagwa pale watoto walipokuwa wamesimama, na uso wake ukabadilika. Akauachia ule mpini taratibu, akarudisha mnyororo mwenyewe bila kuambiwa.

Akaingia garini, akarudi kinyumenyume huku nikimwongoza kwa mikono, mpaka magurudumu ya trela yakazama na makalio ya boti yakaanza kuinuka yenyewe. Hapo ndipo mnyororo unapotoka, na winchi inapolegezwa jino moja moja. Boti ikaelea. Mwalimu Wafula aliingia majini na viatu vyake vya kanisani akaishika kamba, na hakuna aliyemwambia avue.

Tulilala kwake, upande huu wa mto, maana Mzee alitaka kuona kiraka chake kinavyofanya kazi. Asubuhi kabla ya saa moja watoto walikuwa ng'ambo, kila mmoja na kalamu zake kwenye mfuko wa plastiki unaoonyesha. Walivuka watano watano, na mtu mzima wa kupiga kasia. Kiraka hakikutoa tone. Msafara wa mwisho ulikuwa wa watoto wawili, na mmoja alikuwa msichana mdogo aliyeshikilia mti wa ukingoni na kukataa kupanda. Nilikuwa nimekwenda ng'ambo na boti ili kuwachukua, nikiwa na Simiyu aliyeshika kasia.

"Panda, mami," Simiyu akamwambia. "Hii boti iko sawa. Unajua nani ameifunga kutoka Kitale?"

Mtoto akatikisa kichwa.

"Ni huyu dada wa makelele."

Mtoto akanitazama kwa heshima kubwa, akauachia mti, akaja kukaa karibu nami. Mwalimu wangu wa darasa alikuwa akiandika kwenye ripoti, kila muhula kwa miaka minne, kwamba nimezidi utulivu. Kule Nzoia hawajui jina langu hadi leo. Wanauliza Mzee Rajabu, "Yule msichana wa makelele hajambo?"

Tulivuka. Mtoto alikuwa amenishika mkono wa ovaroli, akaniuliza kama mtihani ni mgumu. Nikamwambia ndiyo, kiasi. Watu wa ukingo wa pili walikuwa wakihesabu kwa sauti, na tulipogusa mchanga wakafika kumi na saba.